Mbuzi ya Mwanamisi

Saa saba mchana, gati la Mbaraki limesinzia,
mashine ya leza ingali na joto,
nami nimeficha ndani ya mfuko wa unga
mbuzi ya shangazi Mwanamisi.
Ulimi wake umevaa kutu tangu masika ya juzi.
Shangazi huusugua kwa jivu na kumbi,
kisha hunikazia jicho:
"Nyinyi watu wa taa, taa yenu ni ya meli tu?"

Chengo avaa miwani ya kijani,
atazama huku na huku kama mwizi wa kuku.
"Dakika moja. Saa ya kitu hiki ni pesa za watu."

Mwanga huu huuoni ukija. Wauona ukila.
Mstari mweupe, mwembamba kuliko uzi wa kofia,
wapita na mlio wa dagaa kikaangoni,
na kutu haianguki, haiachi hata unga:
yawa moshi, bomba lavuta moshi, basi.
Meno yachomoza, moja, jingine,
kama mtoto aliyesuguliwa kwa dodoki.

Nikamkumbuka baba,
miaka kumi na tisa juu ya ubao wa kamba
akigonga mbavu za meli kwa nyundo ya ncha.
Jioni alipiga chafya nyekundu kwenye leso.
Mama aliifua kwa ndimu; doa halikutoka.
Sijui ningemwambia nini juu ya uzi huu
umalizao kazi yake ya asubuhi
kabla hajakohoa.
Labda angeuliza tu: na wenzangu, wako wapi?

Jioni nikamkabidhi shangazi. Hakusema ahsante.
Aliiweka barazani, majirani waione.

Alfajiri akaniamsha.
Usiku mmoja tu wa hewa ya Kibokoni,
na chuma kilichovuliwa nguo kimeona haya:
wekundu mwepesi, hina iliyooshwa mapema.
"Taa yako imekiacha uchi," akasema,
"na uchi, hapa pwani, haulali nje."
Akachovya kitambaa katika mafuta ya nazi,
akapaka jino kwa jino, bila haraka,
kisha akavunja nazi,
maana mbaazi hazingoji.

Kazini nikamwambia Chengo: tulisahau jambo.
Akacheka, akanionyesha kopo la rangi ya msingi
na karatasi ukutani, kuukuu, pembe zimejikunja:
IPAKWE KABLA YA SAA NNE KUPITA.
Miezi minane nimetundika koti langu juu yake.