Upande wa Kulia

Umri: sitini na nane. Nikaandika.
Figo: zachuja kwa kusuasua. Nikaandika.
Ini limevimba, na machoni mna umanjano
wa chai iliyosahauliwa kikombeni.
Hilo sikuliandika. Fomu haina kisanduku cha chai.

Ginter Szołtysek, kitanda cha dirishani,
Zabrze, Januari, theluji na masizi nje,
alinitazama kalamu, si uso.
"Daktari, miaka thelathini na mmoja
nimevuta maji kutoka tumbo la mgodi.
Pampu mpya haina lawama.
Muulize aliye nyuma yake:
anayeiletea maji ni nani?"

Sikumjibu. Nilikuwa mstari wa tisa:
moyo, chumba cha kulia, nguvu zake.
Kwenye picha ukuta ulitikisika
kama mtu anayekubali jambo asilolielewa.
Nikaandika: wastani.

Wastani.
Neno lisilomgombeza mtu.
Likafungua mlango wa upasuaji,
likawasha taa.

Tukampandikiza pampu kushoto,
mizunguko elfu tano kwa dakika,
waya ukatokea tumboni kama mzizi.
Muuguzi Bogumiła, kwa mazoea,
alimshika kifundo cha mkono, akatafuta mapigo,
akakumbuka, hakumwachia.
Hildegarda, mkewe, akaweka sikio kifuani:
"Unavuma kama friji ya mama yako."
Wakacheka. Siku ya pili hiyo.

Ya nne, mkojo ukapungua.
Ya tisa, kushoto kukadai damu
na kulia hakukuwa na cha kutoa.
Pampu ikanyonya ukuta mtupu, ikapiga kelele,
tukapunguza mizunguko, tukaongeza dawa,
tukapunguza tena.
Ya kumi na nne, mashine ikampumulia.
Ya kumi na tisa
tuliizima sisi. Ilikuwa nzima.

Sasa nasoma fomu ile upya:
umri, figo, ini, kulia.
Kila kitu kilikuwepo, kwa mwandiko wangu,
kila kimoja kidogo, kila kimoja kinavumilika,
na hakuna mstari wa kuuliza
vikikutana vinne usiku mmoja, vinasemezana nini.

Kulia. Lugha hii hainihurumii:
upande mmoja wa mwili, na machozi,
neno ni lilelile.

Jumatatu Hildegarda alirudi na mfuko,
betri nne alizopewa kujifunzia,
akazipanga mezani kwangu moja moja.
Taa za kijani zote zinawaka.
"Zimejaa," akasema.
"Jana usiku nilizichaji. Sijui kwa nini."