Saa Zilizotiwa Maji

Saa kumi na moja alfajiri, Mbarara haijakohoa,
nami nishavaa mabuti ya mpira na koti jeupe la kuazima,
nimesimama langoni pa kituo cha maziwa, Ruti.
Baiskeli zinakuja bila taa;
wenyewe nawajua kwa mlio wa mikebe.

Kazi yangu ndogo:
natumbukiza laktomita, nainama, nasoma.
Thelathini, pita. Ishirini na tisa, pita.

Saa mbili niko darasani, Takwimu, mwaka wa pili,
nanukia zizi.
Mwalimu anachora mkengeuko ubaoni.
Kenyangi ananigusa kwa kiwiko, ananionyesha daftari langu:
neno limeanza vizuri, kisha wino ukateleza
hadi ukingoni mwa karatasi,
ukaendelea mezani.
Nililala kwenye herufi ya nne.

"Jumapili twende mtoni," ananong'ona.
Nasema Jumapili ijayo.
Mwezi wa tatu huu nasema ijayo.

Mama hupiga simu Jumatano kutoka Arua,
kwa Kiswahili cha kambini alichonilea nacho:
"Driciru, unakula? Unasoma? Unapumzika?"
Ndiyo, mama. Ndiyo. Ndiyo.
Tatu nyepesi, zikapita bila kupimwa.

Ijumaa, Barigye wa Rubindi
aliteremsha mkebe bila kunitazama.
Nikatumbukiza. Kifaa kikazama
kama mtu aliyechoka kuelea.
Ishirini na nne.
Nikafuta macho, nikarudia.
Ishirini na nne.

"Ng'ombe ni watano," akasema, "ada ni za watoto watatu.
Nimeongeza nilichokuwa nacho."

Nilicheka, Mungu anisamehe, wala si yeye niliyemcheka.
Ishirini na nne! Ndizo nilizopewa na mimi,
usiku na mchana, mkebe mmoja,
nimimine chuo, nimimine kituo,
nimimine usingizi, na rafiki abaki na kikombe mkononi;
na zikipungua nachota maji:
nasoma bila kusoma,
nalala jicho moja likiwa kwenye saa ya simu,
nacheka na watu huku nahesabu nauli.
Mkebe umejaa, ndiyo. Hata unamwagika.

Nikaandika katika daftari jekundu: 24, umekataliwa.
Mkono ulinitetemeka, lakini kazi ni kazi.
Akaufunga mfuniko polepole.
"Kesho nitaleta kidogo," akasema.

Jumamosi akaleta nusu mkebe.
Thelathini na moja.
Hatukusemezana. Alipanda baiskeli, mkebe ukagongagonga nyuma yake,
una nafasi ndani.

Nikamfuata Nuwagaba ofisini:
"Jumapili sitakuja. Hii wala zijazo."
Akapiga hesabu kwa kidole, akakata shilingi zangu
nikiwa nimesimama palepale.

Mto Rwizi ulikuwa na rangi ya chai ya mabweni.
Kenyangi alileta mahindi ya kuchoma na ubao wa omweso,
akanifunga mara mbili, akaniita mvivu wa kuhesabu, mimi wa Takwimu!
Nisidanganye: saa nzima ya kwanza
niliwaza jaribio la Jumanne na kodi ya chumba.
Ya pili nikasahau zamu ya kucheza ni ya nani.
Ya tatu siijui. Niliamka na nyasi shavuni,
na shali lake miguuni pangu.

Jumatano simu ikalia.
"Unakula? Unasoma? Unapumzika?"
"Kidogo, mama," nikasema. "Kidogo."
Akanyamaza,
kama mtu aliyeinama kusoma kipimo.