Mvuta Pazia

Mimi nilipewa nafasi ya shahidi.
Maneno yangu katika tamthilia hayakuzidi mstari mmoja:
"Nilikuwepo, mheshimiwa. Niliona kwa macho yangu."
Mwalimu Nsajigwa alinirudisha mara tisa.
Sauti itoke tumboni, binti, siyo puani,
aliyekaa mwisho, kule kwenye mlango wa jiko, naye akusikie.

Bwalo la shule yetu, Tandika, mwezi wa pili:
bati linalalama kwa joto, tak, tak,
na pazia letu ni kanga saba za mama zetu
zilizoungwa kwa sindano ya mkono.
Ya katikati, ya mama yangu, ilishonwa kichwa chini miguu juu;
ukitaka kuisoma lazima upinde shingo:
MACHO HAYANA PAZIA.

Kamba aliifunga Sikujua Rehani wa kidato cha pili.
Fundo lake alilijua yeye tu.
Hakupewa pa kusema, kwa kuwa ana kigugumizi,
lakini pazia alilivuta polepole,
kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Alhamisi, baada ya mazoezi,
Kalisti, hakimu wetu, bado kavaa joho la kitambaa cha mwavuli,
aliinua kopo la maziwa ya unga lenye pesa za viingilio
akalitikisa sikioni kama anayepima yai viza.
"Elfu arobaini na tatu. Nani ana njaa?"
Zamda akacheka. Mtoro akacheka.
Nami nikacheka, kabla hata sijajua ninacheka nini.

Tulikula chipsi mayai nyuma ya soko.
Kachumbari ilizidi pilipili.
Hilo nalikumbuka kuliko yote, pilipili,
na Zamda akinigusa goti chini ya meza:
"Usituchome, lakini."
Nikasema, "Mimi tena?"
Nikaramba vidole.

Jumatatu kopo jepesi.
Nani hubaki nyuma kukunja pazia?
"Si-si-si," alianza Sikujua,
na mwalimu wa nidhamu hakungoja neno lifike.
Kisha tukaitwa sisi, mmoja mmoja.
"Alhamisi jioni ulikuwepo?"
"Sikuwepo, mwalimu."
Sauti ilitoka puani.
Hakuna aliyenirudisha.

Siku ya siku, wazazi wamejaza mabenchi,
wengine wamesimama na watoto mgongoni.
Kalisti juu ya meza, nyundo mkononi.
"Shahidi, sema."
Nilikuwepo, mheshimiwa. Niliona kwa macho yangu.
Ikatoka tumboni!
Mpishi kwenye mlango wa jiko akapiga kigelegele.
Mama akamgeukia jirani yake: umemsikia wangu?

Hapo ndipo pazia lilipotakiwa kufungwa.
Mtoro akavuta. Fundo likakaza.
Akavuta tena, kanga zikagoma nusu njia,
ile ya katikati ikaning'inia mbele ya uso wangu,
kichwa chini.
Makofi yakaisha. Watu wakangoja.
Bati likasema tak.
"Toka," Kalisti alininong'oneza bila kufungua meno. "Toka, tumemaliza."

Sitakudanganya kwamba ulikuwa ushujaa.
Niligeuza shingo nimkwepe mama,
nikamwona Sikujua nje, dirishani,
kifua kimeegemea nondo,
mikono yake miwili ikimfundisha Mtoro hewani:
pitisha chini, legeza, irudishe.
Mtoro hakuwa akimtazama.
Yeye akaendelea kufundisha.
Pitisha chini. Legeza.

Mate yangu yalikuwa na pilipili ya wiki mbili.

"Mheshimiwa," nikasema, "sijamaliza."

Pembeni ya jukwaa Mwalimu Nsajigwa akafunua karatasi,
akalamba kidole, akafunua tena,
akitafuta ukurasa niliofikia.