Kichujio

Ljubljana, Januari. Neža anavipulizia vidole pumzi
kama mtu afufuaye makaa,
maana kioo hakimtambui mwenye ngozi kavu.
Kisha kidole cha shahada na cha kati vinashuka,
vinasimama juu ya kioo kama miguu miwili,
na humo ndani mtu wa mistari na rangi anasimama pia.

Ni tarishi mzee, katika filamu ya dakika nne.
Hana jina bado. Ana mkoba, ana kofia, ana goti bovu.
Neža akitembeza vidole, naye anatembea;
akikaza kidole gumba, mgongo unapinda;
akiinua mkono ghafla, yule hubaki na mguu hewani,
akingoja, kama neno lililokatizwa.

Gašper, aliyeiandika programu, anaona haya kusema.
Anazunguka chumba na kikombe cha chai iliyopoa.
"Mkono wako," anaanza, halafu anatazama dirisha,
"unatetemeka kidogo. Na mashine hainyamazii kitu.
Lakini nimetengeneza kichujio."

Anabonyeza.
Tarishi anateleza barabarani
laini kama siagi kwenye kikaango,
goti limepona, theluji imekuwa zulia.
Safi mno. Hakuna aliyewahi kutembea hivyo
akiwa na barua za watu begani.

Neža hacheki, hanuni.
Mtetemo huo daktari aliupa jina mwezi Oktoba,
jina refu; ameliacha kwenye mfuko wa koti
pamoja na tiketi za basi.
"Rudisha," anasema.
"Hadi ngapi?"
"Sifuri."

Mkono usioweza kuukata, ubusu, husema watu.
Yeye ameuajiri.

Anapuliza tena. Vidole vinashuka.
Tarishi anapanda ngazi za jengo lisilo na lifti,
anasita kila kipandio, anapapasa ukuta,
bahasha inamchezacheza mkononi
hata mtazamaji anatamani kuinuka akamshike.

Gašper ameinuka.
Hajui amekifikia kioo saa ngapi,
kiganja kimekunjuka chini ya nyayo za mzee
kana kwamba mchoro unaweza kuanguka.

"Usiguse," Neža anamwambia, macho yako ngazini.
"Itadhani ana mguu wa tatu."