Mngoje Chini

Eilif amefika mita ishirini na mbili.
Nazihesabu kwa kamba inayopita viganjani mwangu,
si kwa macho; macho yamejaa unga wa barafu
anaoumwaga kila apigapo shoka.

Hapa Rjukan hatujaliona jua tangu Septemba.
Linapita nyuma ya mgongo wa mlima kama mdeni
anayekwepa mlango wa mwenye duka.
Ndiyo maana barafu yetu ni nzuri, husema wageni.
Ndiyo maana vidole vyangu viwili vya mguu
vilibaki hospitali, mwaka ule wa baridi kavu.

Barafu husikilizwa kwanza.
Ikiitika du, nzito, kama mlango wa mninga, ning'inia.
Ikilia kama sahani, hama,
usibishane nayo.
Nilimfundisha hayo akiwa na miaka kumi na minne,
na mama yake, Gunnvor, hakunisemesha siku tatu.
Ya nne akauliza tu: "Parafujo ngapi?"
Nikasema, za kutosha.
Hakuna idadi hiyo.

Sasa amesimama.
Mashavu ya miguu yanamtetemeka
kama mfuniko wa birika lililochemka.
Mikono ikikaa juu sana damu huihama,
na ikirudi hurudi na maumivu ya kutapisha.
Anaushusha mmoja, anaukung'uta, anaushusha wa pili.
Nyuma ya ukuta ule maji bado yanashuka,
hayakufa, yanasubiri zamu.

Kipande kikubwa kama redio ya zamani
kinapita karibu na bega langu.
Sisogei. Mshika kamba hana ruhusa ya kukimbia.

"Naweka!"
Anaizungusha parafujo kwa mkono mmoja, taratibu,
barafu ikitema utepe mweupe.
Ile ya mwisho iko mita nane chini ya meno ya viatu vyake.
Akiachia sasa, ni nane mara mbili,
na urefu wa kamba inavyonyooka juu yake.
Hesabu hii naifundisha darasani Jumatatu na Alhamisi.
Ubaoni haina jina la mtu.

Aliye juu mngoje chini, husemwa,
kwa wanaotamani aanguke.
Mimi namngoja hivi: shingo imekakamaa,
simu inatetemeka kifuani,
ni Gunnvor, najua,
na mikono yangu yote miwili ina kazi.

Ta. Kamba imeingia kwenye pete.
Anavuta tena.
Nampa.