Kinu cha Mikocheni

Semina imekwisha jana, basi la Kilwa ni kesho.
Leo nimejilipia kinu.

Bi Malee, Kiswahili chake cha soko la Kisutu,
ananisimamia begani: "Twanga! Usibembeleze."
Mchaichai, pilipili, kitunguu saumu,
machozi yananitoka mbele ya watu nisiowajua.

Kisha ananikabidhi mzizi.
Jina lake la Kithai linanishinda.
Nauvunja, naunusa:
khulinjani!
Ile ya bibi Somoe, ya kifua,
iliyofungwa kwenye pindo la kanga,
niliyoinywa kwa kubanwa pua.

Tui linachemka, mafuta yanaelea juu.
Natia changu, naonja mchuzi.
Kumbe miaka yote ile
dawa ilikuwa ikitafuta samaki.

"Chumvi bado," anasema Bi Malee.