Fomu ya Daktari wa Meno

Fomu inauliza: Una watoto wangapi?
Kisanduku chenyewe hakitoshi hata punje ya mchele.
Kalamu imefungwa kwa uzi, kana kwamba kuna mtu angeiiba
hapa Duluth, Januari, ziwa limeganda hadi upeo wa macho.

Naandika: wawili.

Wanasema nilikuwa binti mdogo aliyeteleza.
Nilikuwa na miaka ishirini na tisa
na cheo dukani: mkuu wa zamu, upande wa jibini.
Bei ya nepi niliijua, kwa pakiti na kwa moja moja.
Eino alikuwa na sita, akilala na soksi zangu miguuni.
Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana;
mimi kazi zote mbili nilishazizoea mikono.

"Walikulipa ngapi?" aliuliza binamu yangu Reino,
mezani, viazi vimejaa mdomoni.
Nililipwa bakuli la supu ya hospitali,
na siku ya tatu maziwa,
yaliyokuja bila kualikwa, bila kusoma mkataba,
nikayatuliza kwa majani ya kabichi ya friji
nikanuka kama jiko la kanisa.

"Ulimtupa."
Kinachotupwa hakitazamwi kinapoangukia.
Mimi nilitazama majalada kumi na moja.
Niliwakataa wenye farasi.
Nikawachagua Renata na Orrin, wa Fargo,
kwa kuwa katika picha ya jikoni kwao
kulikuwa na masufuria machafu, na hakuna aliyeyaficha.

"Hatakujua."
Kila Agosti, saa nne za barabara, mahindi kushoto na kulia.
Ana miaka minne sasa, Hattie, amekaa mchangani.
"Mbona dole gumba lako limepinda kama langu?"
Renata akajibu kutoka kwenye karo, bila kugeuka:
"Amelitoa kwake."
Basi. Akarudi kuchimba.

Hakuna aliyenionya juu ya Eino,
kiti cha nyuma, wiki ile ile:
"Na mimi mtanipeleka lini?"
Niliegesha gari kando ya barabara.
Swali lile bado nalijibu
kila usiku, ninapomfunika.

Na nyinyi mnaoniita shujaa, punguzeni.
Ushujaa ni neno la kumziba mtu mdomo.
Kuna siku mzani wa jibini husimama
kwenye kilo tatu na gramu mia mbili,
nami humwomba mteja radhi,
nikaenda kwenye chumba cha baridi
kusimama kati ya maboksi
mpaka mikono ikumbuke kuwa ni mitupu.

Darlene wa mapokezi anainua miwani.
Humwona Eino tu, na begi lake la magongo.
"Kaisa, mpenzi, hapa umekosea."

Sijakosea, nasema.
Na jino, ambalo ndilo lililonileta,
linauma kwelikweli.